Mlango wa Kutokea: Jinsi ya Kujiandaa Kushinda Majaribu ya Kila Siku

Wakristo wengi tunaanza kupambana na jaribu likiwa limeshafika. Pesa ya kwaya iko mfukoni, mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, ndipo mtu anaanza kumwomba Mungu ampe nguvu. Au ni saa saba usiku, nyumba nzima imelala, simu iko mkononi, na kidole kimeshaanza kutafuta kile ambacho asubuhi kitaleta aibu. Mungu anaisikia sala ya saa hiyo, sina shaka. Lakini Bwana alitufundisha kuomba mapema zaidi: "usitutie majaribuni", au kama wanavyosali ndugu zetu Wakatoliki, "usitutie katika kishawishi". Pale Gethsemane aliwaambia wanafunzi wakeshe na kuomba kabla askari hawajafika. Wakalala. Usiku uleule Petro alikuwa anaota moto uani kwa Kuhani Mkuu, akiapa kwamba hamjui mtu huyo.

Paulo aliwaandikia Wakorintho (1 Kor. 10:13) kwamba Mungu ni mwaminifu, na kwamba "pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea, ili mweze kustahimili." Mwongozo huu una kazi moja tu: kuutafuta mlango huo kungali mchana, na kuondoa vitu ambavyo sisi wenyewe tumevirundika mbele yake.

Kwanza tuelewane: kujaribiwa si dhambi

Nalisema hili kabla ya hatua yoyote kwa sababu limewakatisha tamaa vijana wengi. Wazo baya linampita kijana kichwani, anajiona ameshaanguka, kisha anajiambia, "Kwa kuwa nimeshachafuka, acha nimalizie." Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Basi kama yeye alijaribiwa, kujaribiwa kwenyewe hakuwezi kuwa dhambi.

Wazo ni kama mtu anayebisha hodi. Hukumwita, na huna hatia kwa kuwa amesimama nje. Jambo la kujibu ni moja: ulimwambia karibu? Yakobo anaeleza yanayofuata baada ya karibu: mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe, tamaa ikichukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Kuna hatua katikati hapo, na kwenye kila hatua bado mtu anaweza kugeuka.

Hatua ya 1: Liandike jaribu lako kwa jina lake

Chukua karatasi. Usiandike "udhaifu wa mwili" wala "mambo ya dunia". Andika jambo lenyewe: "Nachukua pesa ya mauzo jioni nikijiambia nitairudisha." "Nabeti kila Jumamosi na mke wangu hajui." "Namwandikia mtu fulani ujumbe ambao nisingependa mume wangu ausome." Karatasi hii ni yako na Mungu, unaweza kuichana baadaye. Ila iandike, kwa sababu dhambi isiyotajwa jina hupata visingizio vingi sana.

Yakobo anasema *tamaa yake mwenyewe*. Jaribu lako si lazima liwe la jirani yako. Dada unayekaa naye benchi moja kanisani huenda hajawahi kutamani bia hata siku moja, lakini hawezi kumaliza jioni bila kumsema mtu. Na hili la kusema watu, naomba tusilipite haraka, kwa sababu kwetu limejificha ndani ya ibada. "Wapendwa, tumwombee dada fulani, mnajua ndoa yake…", halafu dakika ishirini za habari na dakika moja ya maombi. Kama hilo ndilo lako, liandike nalo.

Chagua moja la kuanzia. Mtu anayetangaza vita na dhambi sita Jumatatu, Ijumaa anakuwa ameziacha zote sita zilivyokuwa.

Hatua ya 2: Jua saa yake na mahali pake

Kwa wiki moja, kila jaribu hilo linapokujia, liwe limekushinda au umelishinda, andika ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, na mwili wako ulikuwa katika hali gani. Utashangaa jinsi lisivyokuwa na ubunifu. Linakuja saa zilezile.

Hali nne zichunguze kwa makini: njaa, hasira, upweke na uchovu. Ibilisi alimwendea Yesu nyikani baada ya siku 40 za kufunga, na akaanzia kwenye mkate. Daudi naye, 2 Samweli 11 inaanza kwa kutuambia kwamba ulikuwa wakati ambao wafalme hutoka kwenda vitani, naye akabaki Yerusalemu. Akaondoka kitandani jioni, akatembea juu ya dari, akaona. Kisa kile kilianza kabla ya Bathsheba kuonekana, kwa mtu asiyekuwa mahali alipopaswa kuwa.

Tena si kila jibu ni maombi ya usiku kucha. Eliya alipokata tamaa jangwani akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ukigundua kwamba unawafokea watoto kila siku saa moja jioni kwa sababu hujala tangu asubuhi, kula saa kumi. Hiyo nayo ni utii.

Hatua ya 3: Ziba njia mapema

Hapa ndipo pa kufanyia kazi kubwa. Mithali 5:8 haisemi, "Ukifika mlangoni kwake uwe na nguvu." Inasema: "Itenge njia yako mbali naye, wala usiukaribie mlango wa nyumba yake." Umbali ndio ulinzi. Nitataja mambo manne ninayoyaona zaidi miongoni mwetu.

*Pesa za watu.* Kama wewe ni mweka hazina wa kwaya, kikoba au jumuiya, pesa ya kikundi isilale kwako na isikae kwenye namba yako ya simu. Hili nalisema hata kwa mtu mwaminifu, kwa sababu pesa ikichanganyika na yako, siku ya shida utaikopa bila hata kuona kwamba umevuka mstari. Fungueni akaunti ya kikundi inayotaka sahihi za watu zaidi ya mmoja. Sadaka na michango ihesabiwe na watu wawili au watatu, iandikwe palepale, wote watie sahihi, ipelekwe benki siku ya kazi inayofuata. Soma taarifa kwa wanachama kila mwezi hata kama hakuna aliyeuliza. Paulo mwenyewe, alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba kimya kimya peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wanaoaminiwa na makanisa, akaeleza kwamba anajiepusha na lawama, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Kor. 8:20–21). Kama mtume aliona anahitaji mashahidi, mweka hazina wa kwaya asikasirike akiombwa daftari.

Kwa anayeshika droo ya duka au kibanda cha uwakala wa pesa ni vivyo hivyo: mfuko wako na droo visikutane. Nauli na pesa ya chakula cha mchana weka kando asubuhi kabla ya kufungua. "Nitarudisha kesho" lisiwepo kabisa katika msamiati wako wa kazini. Ukiwa na shida, mwombe mwenye mali, mbele ya macho yake, akikataa amekataa.

*Kubeti.* Hili limeingia makanisani na wachungaji wengi wanalizungumzia kwa juu juu. Kijana anaweka mkeka (yaani mechi alizobashiri) wa shilingi elfu moja, mkeka unachanika, anaweka wa elfu mbili ili arudishe ile elfu. Muda si mrefu anakopa kwenye simu ili abeti. Kwa kuwa mashine iko mfukoni mwake, usimwambie "acha" peke yake, mwonyeshe jinsi. Afunge akaunti yake ya kubeti, si kuondoa programu tu, maana programu hurudi kwa dakika moja. Aiombe kampuni imfungie na iache kumtumia ujumbe wa ofa. Ajitoe kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram yanayogawa mikeka. Siku ya mshahara, kabla ya chakula cha mchana, kodi, ada na hisa za kikoba ziwe zimeshatoka. Na mechi za Jumamosi, kama anapenda mpira, azitazame na watu wasiobeti, au asizitazame kwa miezi michache. Najua hili la mwisho linauma. Kwa mtu aliyezoea kuangalia matokeo huku pesa yake imo, mpira wenyewe umegeuka kuwa njia.

*Simu usiku.* Isilale chumbani. Iache sebuleni kwenye chaji na ununue saa ya mezani ya kukuamsha. Ukilala chumba kimoja na wenzako au huna sebule, mpe mtu mwingine akutunzie, au iweke mbali kiasi kwamba lazima uinuke na kuwasha taa ili kuifikia. Mwenzi wako awe na namba ya siri ya simu yako. Ayubu alisema alifanya agano na macho yake (Ayubu 31:1). Agano hilo leo lina waya wa chaji ndani yake.

*Pombe.* Badilisha njia ya kurudi nyumbani. Ndiyo, hata kama ni ndefu zaidi. Kwenye sherehe shika glasi yako ya soda mapema, maana mkono mtupu ndio unaokaribishwa kila dakika.

Hatua ya 4: Weka maneno tayari mdomoni

Nyikani Yesu alijibu mara tatu, na mara zote tatu alitumia neno "Imeandikwa". Maneno yote aliyoyatumia yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Hakuanza kutafuta wakati ule. Yalikuwa ndani yake tangu utoto. "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi" (Zab. 119:11).

Kwa lile jaribu ulilolitaja katika karatasi, tafuta mstari mmoja, si kumi, ukariri hadi uweze kuusema ukiwa na usingizi. Mwenye jaribu la pesa anaweza kuchukua Luka 16:10, mwaminifu katika lililo dogo sana. Mwenye jaribu la ulimi achukue Zaburi 141:3, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu." Mwenye jaribu la zinaa achukue maneno ya Yusufu: "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?"

Halafu andaa sentensi ya kumwambia mwanadamu, kwa sababu majaribu mengi huja yakiwa na sura ya mtu tunayemheshimu. Bosi anayetaka risiti iandikwe kiasi kisicho cha kweli. Mteja anayekuwekea "ya maji" mezani ili faili lake litangulie. Rafiki anayesema, "Moja tu, leo sikukuu." Ukikosa la kusema, utacheka kwa aibu na kukubali. Fanya mazoezi kwa sauti nyumbani: "Hapana mzee wangu, hiyo siwezi kuipokea. Faili lako nitalishughulikia zamu yake ikifika." "Shikamoo boss, samahani, naomba risiti hii niiandike kama ilivyo." Hakuna mahubiri ndani yake wala dharau, ila mlango umefungwa. Usieleze sana. Maelezo marefu humpa mwenzako pa kushikia.

Maofisa wa kodi na askari walipomwendea Yohana Mbatizaji wakimuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wa kwanza wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na wa pili wasimdhulumu mtu, watosheke na mshahara wao (Luka 3:12–14). Unaweza kuwa Mkristo kwenye dawati hilohilo. Na kama shinikizo ni la kupangwa, tunza kumbukumbu zako za maandishi. Kwa walio Tanzania, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.

Hatua ya 5: Dakika yenyewe ikifika, ondoka

Yusufu hakubaki chumbani kumshauri mke wa Potifa. Aliacha vazi lake mkononi mwake akakimbia. Kwa miguu. Na nasisitiza miguu kwa sababu wengi wetu tunajaribu kukimbia kwa mawazo huku mwili umekaa palepale.

Simama. Toka nje ya chumba. Sema mstari wako kwa sauti. Mpigie mtu simu, hata kama ni kumsalimia tu. Oga, chota maji, fagia uwanja. Hamu kali haidumu kwa ukali uleule ukiinyima nafasi. Hupanda, kisha hushuka. Usijiulize kama utaweza kuishi hivi mpaka uzeeni, ivuke saa hii.

Uwe tayari pia kulipa gharama, maana Yusufu alitoka kwenye jaribu lile akaingia gerezani. Unaweza kukosa cheo, unaweza kuachwa na mchumba asiyetaka kungoja, unaweza kuchekwa ofisini. Sitakudanganya kwamba anayeshinda jaribu hupandishwa mshahara mwezi unaofuata. Imeandikwa tu kwamba Bwana alikuwa pamoja na Yusufu mle gerezani.

Hatua ya 6: Awepo mtu mmoja anayejua

Huenda ukazifanya hatua zote zilizotangulia na kuikwepa hii. Tunaogopa. Kanisani kila mtu anamjua mwenzake, na siri ya Jumapili inaweza kuwa habari ya Jumanne. Hofu hiyo ina sababu, kwa hiyo chagua vizuri. Mtu wa jinsia yako, aliyekomaa katika imani, ambaye hujawahi kumsikia akikuletea siri ya mwingine. Anaweza kuwa mchungaji, mzee wa kanisa, msimamizi wako wa ndoa au rafiki wa muda mrefu. Mkatoliki ana sakramenti ya kitubio, na padri amekatazwa kabisa kutoa siri ya maungamo. Aitumie.

Mwambie kwa maneno yaleyale ya kwenye karatasi. Kubalianeni akuulize swali moja kila wiki, kwa mfano, "Umebeti?" Swali likiwa "Unaendeleaje kiroho?" utajibu "Bwana asifiwe" na mazungumzo yameishia hapo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina mizizi. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na upande wa Bukoba, ulijengwa juu ya vikundi vidogo ambamo watu walikutana mara kwa mara, wakaungama kwa uwazi na kuombeana. Waliita kutembea nuruni. Na kabla yao, katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Karoli Lwanga alikuwa akiwakinga vijana watumishi dhidi ya matakwa machafu ya mfalme, akiwafundisha na kuwatia moyo. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo, yeye na wengi wa vijana wale. Wadogo walisimama kwa sababu palikuwa na mkubwa aliyesimama nao.

Neno kuhusu uraibu

Kuna mahali ambapo jaribu limeshakuwa ugonjwa, na kumwongezea mtu huyo mizigo ya lawama ni kumuumiza. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege, na hali hiyo inaweza kuua. Aende hospitali, aache akiwa chini ya uangalizi. Kwa waliozama kwenye heroini, tiba ya methadone inatolewa Tanzania tangu 2011, ilipoanza Muhimbili. Anayebeti mpaka ameuza vitu vya ndani anahitaji mshauri nasaha pamoja na maombi. Kumpeleka mtu kwa daktari hakumpunguzii Mungu utukufu.

Hatua ya 7: Ukianguka

Usisubiri Jumapili. Kitu cha hatari zaidi ya kuanguka ni zile siku tatu zinazofuata, ambapo mtu anajificha, haombi, hajibu simu ya yule rafiki, na dhambi moja inaita ya pili iifunike. Daudi alitoka kwenye uzinzi akaingia kwenye mauaji kwa njia hiyohiyo ya kuficha. Tubu palepale ulipo. "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu" (1 Yoh. 1:9). Mpigie mtu wako siku hiyohiyo. Kisha rudi kwenye hatua ya pili uangalie ilikuwa saa ngapi, wapi, na njia gani uliyoiacha wazi, uizibe.

Na kama umemdhuru mtu, rekebisha. Zakayo hakuishia kujuta moyoni. Alisema atamrudishia mara nne yeyote aliyemnyang'anya kwa hila. Watu wa Uamsho nao walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba, wakati mwingine vya miaka mingi nyuma. Kama ulichukua pesa ya kikundi, mwendee mwenyekiti kabla ya mkutano, usingoje hesabu zikusute. Nenda na karatasi inayoonyesha kiasi chote ulichochukua, nenda na sehemu ya kwanza ya malipo mkononi hata kama ni ndogo, na pendekeza tarehe za kulipa zilizobaki. Omba ukabidhi daftari kwa mtu mwingine. Wakiamua wanachama wote waambiwe, waambie mwenyewe, kwa sentensi fupi, bila kumtaja aliyekukopesha wala aliyekushawishi. Halafu endelea kuhudhuria.